Mpaka uko wazi usiku na mchana, mfanyabiashara mdogo analala saa ngapi?

Kwa miaka mingi kilio kikubwa cha wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kilikuwa ni lango la mpaka kufungwa. Gari likifika jioni linalala hapo hadi asubuhi, nyanya zinaanza kulainika, na mwenye mzigo anahesabu hasara akiwa amekaa kwenye benchi la mama ntilie. Kilio hicho kilisikika. Februari 2018 Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha huduma kwa pamoja cha Busia. Desemba mwaka huohuo Kenyatta na Rais John Magufuli walizindua cha Namanga, na Oktoba 2019 Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia wakazindua cha Tunduma na Nakonde. Gari lililokuwa likikaguliwa upande huu na kisha upande wa pili, sasa linasimama mara moja. Malaba, Busia na Namanga kazi inafanyika usiku na mchana.

Barabarani nako mambo yamebadilika. Tanzania ilikuwa imezuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa takriban miaka 30, na mwaka 2023 serikali iliondoa zuio hilo. Mapema mwaka 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, soko ambalo wateja wake wanatoka Zambia, Malawi, Burundi, Komoro na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Kila moja ya hatua hizo ina sababu yake nzuri, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka kurudi kwenye zile siku za kulala mpakani akisubiri muhuri. Hata hivyo kuna jambo ambalo hotuba za uzinduzi hazikuligusa. Kampuni ya malori ikiambiwa mpaka uko wazi saa 24, inaweka madereva wawili na makarani wa zamu. Mwanamke mwenye magunia manne ya vitunguu akiambiwa maneno hayohayo, hana wa kumpokea. Zamu zote tatu ni zake.

Lango lililofungwa lilikuwa kero, lakini kwa mwenye mtaji mdogo lilikuwa pia ndiyo kengele pekee ya kulala. Likishafungwa, hata mwenye tamaa ya namna gani alikuwa hana la kufanya ila kutafuta gesti au kujilaza juu ya mizigo yake. Mshindani wake naye alikuwa amelala. Sasa mshindani anaweza kuwa anavuka saa 8 usiku, na kila anayelala anahisi kuna mtu anampita.

Mfano mzuri ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza viatu au vifaa vya simu kutoka Guangzhou na kuwauzia wateja wa Lubumbashi. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Ofisi ya muuzaji wa Guangzhou ikifunguliwa saa 3 asubuhi kwao, Dar es Salaam ni saa 10 alfajiri. Anayetaka kujibiwa mapema kuhusu bei, rangi au tarehe ya kontena anakuwa macho kwenye simu saa hiyo, kwa sababu akisubiri hadi saa 4 asubuhi yake, kule ni saa 9 alasiri na siku inakwisha. Lubumbashi nako kuko nyuma kwa saa 1. Mteja wa huko akifunga duka lake, akahesabu mauzo na kupiga simu saa 2 usiku kuagiza mzigo mwingine, Dar es Salaam tayari ni saa 3 usiku.

Tangu saa 10 alfajiri hadi saa 3 usiku ni saa 17. Hapo bado hajafunga hesabu za siku, hajapanda daladala kwenda nyumbani, hajala. Katikati ya saa hizo ana duka la kusimamia, wakala wa forodha wa kufuatilia na mafundi wa kufunga mizigo wa kulipa. Saa za nchi tatu zimewekwa juu ya mwili mmoja.

Hesabu hiyo ya saa 17 si ndogo. Watafiti wa Australia walipima jambo hili miaka ya 1990 na wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hivi anafanya majaribio ya wepesi wa akili na mikono sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinatosha kumnyima dereva haki ya kushika usukani. Akifikisha saa 24 bila kulala, anakuwa kama mtu mwenye asilimia 0.10. Hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali kubadilisha dola zake akiwa amelewa. Lakini ni wangapi wanaozibadilisha saa 4 usiku, wakiwa macho tangu alfajiri?

Wapo watakaosema mwili huzoea. Hilo ndilo neno linalosikika sana kwenye mabasi ya usiku na katika vijiwe vya mipakani, na ndilo lenye hatari kuliko yote. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowaweka watu wazima wenye afya katika makundi, wengine wakilala saa 8 kwa usiku, wengine 6 na wengine 4, kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa 6, kiasi ambacho wafanyabiashara wengi wangekiita usingizi wa kutosha kabisa, walizidi kushuka siku hadi siku, na mwisho wa wiki mbili walikuwa na makosa ya kiasi cha mtu aliyekesha bila kulala kabisa. Jambo la kushangaza ni kwamba wenyewe hawakuliona hilo. Walipoulizwa, walisema wanahisi usingizi kidogo tu. Walichozoea ni kuchoka, na uwezo wa kuona makosa yao ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyopungua.

Hapa ndipo usingizi unapoingia kwenye daftari la biashara, ingawa hauna safu yake. Biashara ya mpakani ni biashara ya tarakimu. Mtu mmoja kwa siku moja anaweza kushika shilingi ya Tanzania, kwacha ya Zambia na dola ya Marekani, akapigiwa viwango vitatu tofauti na watu watatu wanaoongea haraka. Wabadilisha fedha wa mitaani wanajua wazi saa ambayo mteja amechoka. Tuseme mtu ana mtaji wa shilingi milioni 3 na faida yake kwa safari ni shilingi 200,000. Akikosea kiwango kwa asilimia 3 tu kwenye mtaji wote, shilingi 90,000 zimekwenda, karibu nusu ya faida, na hakuna mwizi wa kumlaumu. Mara nyingi hata hajui zimekwenda. Atasema safari hii soko lilikuwa baya.

Karatasi nazo zina adabu zake. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama na zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapohapo mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Ni nafuu kubwa kwa mtu mdogo. Lakini cheti hicho kinataka bidhaa, idadi na thamani viandikwe sawasawa. Aliyechoka haulizi. Anamkabidhi kijana wa pale nje anayedai anajua njia, analipa anachotajiwa, anavuka. Baadhi ya fedha zinazoitwa gharama za mpaka ni bei ya kukosa nguvu ya kusimama dirishani dakika 20.

Kuna na gharama isiyolipika. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na kufanya kazi saa ndefu. Kwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari ya kupata kiharusi ilikadiriwa kuzidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Mwenye duka anayefungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 1 usiku, siku sita kwa wiki, ana saa 72 kabla ya kuhesabu safari. Na kiharusi cha mwenye biashara ya mtu mmoja hakimlazi peke yake, kinalaza mtaji, deni la kikundi na ada za watoto kwa siku moja.

Sheria haimfikii mtu huyu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Nchini Kenya, Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara au la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Utekelezaji wake barabarani ni habari nyingine, lakini angalau imeandikwa na mtu anaweza kuishika mkononi. Aliyejiajiri hana wa kumshitaki. Yeye ndiye mwajiri na yeye ndiye mfanyakazi, na kwa kawaida mwajiri huyo ni mkali kuliko wote.

Ni rahisi kusema basi tatizo ni tamaa, kwamba watu wapunguze pupa. Wanaosema hivyo hawajawahi kulala karibu na mzigo wao. Sababu ya kwanza ya kukesha mipakani ni ulinzi. Mwenye marobota matano ya mitumba hana stoo, na gesti haipokei marobota. Akiyaacha kwa mtu, akirudi anaweza kukuta manne. Kwa hiyo analala amekaa, mkono mmoja juu ya kamba, na huo si usingizi.

Sababu ya pili ni bidhaa yenyewe. Nyanya, samaki, ndizi na maziwa havimsubiri mtu aamke. Wauzaji wa dagaa wa Ziwa Victoria wanategemea wavuvi wanaofanya kazi kwa taa usiku, na mzigo unahitaji kuanikwa jua likichomoza. Hao kukesha kwao kumo ndani ya kazi, na wanachohitaji ni kupata saa za mchana za kulala bila mtu kuwaita wavivu. Ila vitenge haviozi. Sufuria haziozi. Anayevuka na sufuria saa 9 usiku anapaswa kujiuliza anamkimbia nani, maana katika biashara hiyo saa sita za kuchelewa hazibadilishi bei hata kwa shilingi moja. Wengi wameiga mwendo wa wenye nyanya bila kuwa na nyanya.

Sababu ya tatu haizungumzwi sana. Sehemu kubwa ya wafanyabiashara wadogo wa mipakani ni wanawake, na siku ya mwanamke haianzii sokoni wala haiishii hapo. Akirudi saa 2 usiku kuna chakula, sare za shule na mgonjwa wa nyumbani. Ushauri wa kulala saa 8 ukitolewa kwa nyumba ambayo mtu mmoja ndiye anayeamka kwanza na kulala mwisho, unakuwa ni dhihaka. Mume au mtoto mkubwa akichukua kazi ya jioni, hilo ni ongezeko la mtaji kama lilivyo ongezeko lolote, na katika hesabu ya haki lingeandikwa hivyo.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanasema miaka miwili ya kwanza ya biashara haina usingizi, kwamba waliofanikiwa Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo wote walianza kwa kukesha. Ni kweli kwamba mwenye mtaji mdogo ana kitu kimoja tu anachoweza kuongeza bila kukopa, nacho ni saa zake. Na kuna misimu isiyokwepeka: wiki za kuelekea Idi na Krismasi, shule zinapofunguliwa, mavuno yanaposhuka kwa pamoja. Kukesha kwa msimu kuna mwanzo na mwisho, na mtu anaweza kukupangia kama anavyopanga mkopo. Shida ni pale msimu unapokuwa mwaka mzima. Isitoshe, wanaosimuliwa ni wale waliokesha wakafanikiwa. Waliokesha wakaanguka hawaitwi kutoa ushuhuda.

Basi la usiku nalo linahitaji kutazamwa vizuri. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Anayesafiri usiku anaokoa hela ya gesti na anaokoa siku ya mauzo, na kwa karatasi hiyo ni faida. Lakini anashuka na shingo iliyokaza, akiwa na fedha mfukoni, katika mji ambao kila mtu anataka kumsaidia kubeba. Wazoefu wengine wameshajiwekea utaratibu wa kufika, kulipia chumba kwa saa chache, kulala, kuoga, ndipo wakaenda kununua. Kwa mtazamo wa haraka wanapoteza nusu siku. Ukweli ni kwamba wananunua akili ya kufanyia biashara, na bei yake ni ndogo kuliko ile asilimia 3 ya kwenye kubadilisha fedha.

Kama kuna somo lililowahi kutolewa kwa lazima, ni lile la mwaka 2020. Ugonjwa wa corona ulipofunga mipaka kwa watu na kuacha njia kwa mizigo, wafanyabiashara wadogo kati ya Rwanda na Congo, waliokuwa wamezoea kuvuka kwa miguu kila siku, walilazimika kuunganisha mizigo yao katika vikundi, gari moja likavuka kwa niaba ya wengi. Hasara zilikuwa nyingi na wengi mitaji iliwaishia kabisa, hilo lisisahauliwe. Hata hivyo ilidhihirika kwamba mzigo unaweza kuvuka bila mwenyewe kuwa juu yake.

Mipaka ilipofunguliwa, wengi walirudi kila mtu na mzigo wake. Kinachokwamisha ni uaminifu, na uaminifu haupatikani kwa hotuba. Unapatikana kwa orodha iliyosainiwa, mizigo iliyoandikwa majina, na adhabu inayojulikana kabla. Vikundi vya kuweka na kukopa vina hayo yote tayari: vina katibu, vina sanduku lenye kufuli tatu, vina faini ya anayechelewa. Wanachama watano wanaovuka Jumatatu na Alhamisi wakipanga safari kwa zamu, kila mmoja anapata wiki ambazo yuko nyumbani huku mzigo wake ukisafiri. Anayesafiri analipwa posho na wenzake. Fedha hiyo ya posho itawauma mwanzoni.

Yapo mambo madogo ambayo hayahitaji kikundi. Mteja wa Lubumbashi akiambiwa kwamba oda zinapokelewa hadi saa 1 usiku wa kwake, atalalamika wiki moja kisha atazoea, ilimradi oda iliyopokelewa kabla ya hapo isikosewe. Muuzaji wa Guangzhou anaweza kuachiwa ujumbe usiku na akakuta swali limeshaandikwa vizuri asubuhi ya kwake, badala ya kuzungumza naye alfajiri kwa macho mazito. Na kubadilisha fedha nyingi kunaweza kuwa kazi ya mchana pekee, sawa na mtu anavyokataa kutia saini karatasi asiyoielewa. Mirungi na vinywaji vya kuchangamsha havimo katika orodha hii. Vinaahirisha usingizi, na usingizi ulioahirishwa unadai siku ile mtu yuko barabarani.

Yaliyobaki ni ya serikali. Tunduma na Nakonde zinatenganishwa na hatua chache na saa nzima: Nakonde ikiwa saa 12 jioni, Tunduma ni saa 1 usiku. Hali ni hiyohiyo Rusumo kwa upande wa Rwanda. Anayesubiri ofisi za upande wa magharibi zimalize siku yao anaongezewa saa 1 kila jioni, na wa upande ule anayewahi soko la Tanzania anapunguziwa saa 1 ya usingizi kila alfajiri. Ratiba zingeweza kutangazwa kwa saa zote mbili na zikapangwa ili huduma za wadogo ziangukie mchana wa pande zote.

Aidha, mpaka wa saa 24 unamaanisha nini ikiwa forodha inafanya kazi usiku lakini mkaguzi wa mazao ameondoka saa 11 jioni? Mwenye kontena atapumzika hotelini huku dereva wake akingoja. Mwenye matenga ya nyanya atakaa juu ya matenga hadi asubuhi, mpaka ukiwa wazi mbele yake. Vituo hivi vilijengwa na maegesho ya malori na ofisi za maofisa. Stoo yenye mlinzi na risiti, ambako mtu anaacha marobota matano na kuyakuta matano, ingegharimu sehemu ndogo sana ya majengo hayo. Vyama vya wafanyabiashara wadogo vikiitwa tena kwenye mikutano ya kamati za mipakani, ambako kila mara hoja ni foleni na ushuru, stoo hiyo inaweza kuwa ajenda ya kwanza, pamoja na jina la ofisi itakayoisimamia na ada ya usiku mmoja kwa gunia.